Polisi akikuibia akiwa kazini, unamshitaki wapi? Tuifungue hii ishu taratibu

Tangu yale ya mdogo wangu yatokee nimeulizwa hili swali mara nyingi, na kila nikijibu kwa kifupi naona kama namdanganya anayeuliza, kwa hiyo leo nimekaa niliandike lote. Ni refu, mnivumilie.

Mdogo wangu anauza viatu vya mtumba pale Memorial, Moshi mjini. Siku ya kufungua robota inabidi uwahi, ukichelewa unakuta vile vikali wenzako wameshachagua, wewe unabaki na vya kupeleka kwa fundi. Asubuhi hiyo alitoka Pasua hakujakucha vizuri, ana milioni moja na laki tatu kwenye bahasha ya kaki ndani ya jaketi, hela ametoa kwa wakala jioni yake na nyingine ni ya kikoba, siyo hata yake. Difenda ya polisi ikasimama. Unatoka wapi saa hizi, panda. Humo humo kwenye difenda wakampapasa, bahasha ikatoka mfukoni.

Walipofika kituoni (sitakitaja) afande aliyekuwa zamu kaunta akamwambia toa vyote weka hapa, akaandika kwenye daftari simu moja ndogo, funguo mbili, mkanda mmoja na fedha taslimu sh. 40,000. Hiyo elfu arobaini ilikuwa kwenye waleti. Bahasha haikufika kaunta. Dogo akakaa selo mpaka saa nane mchana, kosa lenyewe wanaita uzururaji, halafu wakamtoa, wakamrudishia simu, funguo, mkanda na elfu arobaini yake, wakamwambia saini hapa kwamba umepokea vitu vyako vyote. Akasaini. Ana miaka ishirini na mbili, katoka selo, angesemaje?

Kesho yake nikaenda na mama. Afande wa kaunta alikuwa mtu mstaarabu kabisa, akafungua daftari akatuwekea kidole pale. "Mama, hii si saini ya mwanao?" Na kweli ilikuwa ya kwake. Mimi nilisimama pale nikalisoma lile daftari mara mbili nikaona hamna neno la uongo hata moja ndani yake, kila kilichoandikwa kilirudi. Wizi ulishafanyika barabarani kabla kalamu haijashikwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kesi za namna hii zinawashinda watu. Tunadhani shida ni kukosa ujasiri, kumbe kinachotuumiza zaidi ni kwamba mali yako ikitoka mikononi mwako bila karatasi, kisheria ni kama haikuwahi kutoka.

Sasa tuanze na majina, maana watu wengi hapa ndo wanapopotea. Polisi kuchukua kitu chako siyo lazima iwe wizi. Sheria inampa uwezo wa kukupekua ukikamatwa na kushikilia vitu vyako, na vingine vinaweza kuwa kielelezo mpaka kesi iishe. Huko ni kushikilia, hata kama kunakera. Ila kushikilia kuna masharti. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwenye kile kifungu ambacho mawakili wamekizoea kama 38(3), inasema polisi akipekua na kuchukua mali atoe risiti ya alichochukua, yenye saini ya mwenye mali au mwenye nyumba na mashahidi kama wapo. Ndo maana wakija kupekua nyumbani utaona wanaita mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, siyo kwa heshima tu, yule ni shahidi huru. Na mwenyekiti anayesaini bila kuhesabu kilichowekwa mezani anatuumiza wote, nasema hivyo nikijua wengi wao wanaamshwa usiku na wanaogopa kama sisi.

Akichukua kwa nia ya kukifanya chake, huo ni wizi. Na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimchukulii mtumishi wa umma kama mwizi wa kawaida. Wizi wa kawaida adhabu yake ni mpaka miaka saba, lakini mtumishi wa umma akiiba kitu kilichofika mikononi mwake kwa sababu ya kazi yake, kifungu cha 270 kinaenda mpaka miaka kumi na nne. Sheria imeona kabisa kwamba mwenye magwanda akiiba ni mbaya zaidi, kwa sababu wewe ulimpa ukiamini ni serikali.

Akikutishia kwa bunduki ili utoe hela, tumeshatoka kwenye wizi, huo ni unyang'anyi wa kutumia silaha na kima cha chini ni miaka thelathini jela. Magwanda hayabadilishi kosa.

Halafu kuna ile nyingine, anakwambia "toa kitu tukuachie". Hiyo ni rushwa, ni ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hapa kuwe na tahadhari kubwa kwa sababu kwenye rushwa mtoaji naye ana kosa. Sasa angalia mtego ulivyo: mtu aliyelazimishwa kutoa laki mbili akiwa na pingu anaenda kulalamika, akifika anasema "niliwapa laki mbili", na lile neno niliwapa ndo linamgeuza kutoka mtu aliyeibiwa kuwa mtu aliyehonga. Kama walichukua sema walichukua. Kama walikulazimisha sema walikulazimisha, na useme kwa nini usingeweza kukataa. Usiongeze chumvi ila usijipunguzie haki kwa kuchagua neno laini. Maandishi ya kwanza unayotoa yatakufuata mpaka mahakamani.

Na kuna wizi ambao hatuuiti wizi kwa sababu tumeuzoea, nao ni wa yadi. Waulize bodaboda wa Kiborloni au wa Ngaramtoni kule Arusha, pikipiki inaingia yadi ya kituo ina betri, sait mira na mafuta nusu tenki, inatoka baada ya wiki tatu inasukumwa. Hasira zake zinaishia kijiweni, kwa sababu betri ya elfu thelathini nani atapandia ngazi? Lakini ni kosa lilelile, na lina madhara mengine hatuyaoni haraka. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Paulo Maduka na wenzake, rufaa namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba kielelezo lazima kionekane kilipita kwa nani na nani kuanzia kilipokamatwa mpaka kinapoletwa kortini, kila mkono uwe na kumbukumbu. Kwa hiyo askari akichomoa kitu kwenye vielelezo amekuibia wewe na ameua na ile kesi nyingine, mwizi halisi anatoka kwa sababu mnyororo umekatika. Kwa maana hiyo hata raia ambaye hajawahi kusimamishwa na polisi maisha yake yote ana maslahi kwenye hili jambo.

Haya, milango sasa. Iko mingi, na kila mmoja unafungua kitu kimoja tu, ukigonga usio wako utazungushwa mpaka uchoke.

Wa kwanza ni wa ndani ya jeshi lenyewe. Unaandika malalamiko kwa mkuu wa kituo, asipokusikiliza kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), halafu RPC (kamanda wa mkoa), na juu huko makao makuu Dodoma. Askari anaweza kufikishwa kwenye kile wanachokiita mahakama ya kijeshi, yaani mashtaka ya kinidhamu chini ya sheria yao, akashushwa cheo au akafukuzwa kazi. Mmeshasikia ile taarifa, "amefukuzwa kazi kwa fedheha na atafikishwa mahakamani". Hiyo sentensi ina vitu viwili tofauti, na wananchi tunashangilia cha kwanza tunasahau kufuatilia cha pili. Kufukuzwa ni jambo kati ya jeshi na mtumishi wake. Hakumrudishii mtu shilingi. Na maoni yangu ni kwamba kufukuzwa peke yake kunaweza hata kuwa njia ya kulimaliza kimyakimya, jeshi linabaki safi, jamaa anaondoka na hela, aliyeibiwa anabaki na taarifa ya kwenye redio.

Wa pili ni kesi ya jinai kama ya mwizi mwingine yeyote. Inafunguliwa jalada, inapelelezwa, linapelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ambaye ndiye anaamua kama kuna kesi. Habari njema ni kwamba mwendesha mashtaka siku hizi ni ofisi tofauti na polisi. Habari mbaya ni kwamba mpelelezi bado ni polisi, yaani anayechunguza na anayechunguzwa pengine walikimbia mchakamchaka pamoja hapahapa Moshi pale CCP, chuo cha polisi, walilala bweni moja, kesho wanaweza kupangwa lindo moja. Sisemi wote wanalindana, nimekutana na mpelelezi aliyefanya kazi yake kwa haki mpaka wenzake wakamnunia. Nasema tumejenga utaratibu unaomtaka mtu awe shujaa ndo afanye kazi ya kawaida.

Wenzetu hapo ukivuka Namanga tu, Kenya, walitunga sheria mwaka 2011 ya kuunda chombo cha raia cha kuangalia polisi, IPOA, kina wapelelezi wake wenyewe. Hakijamaliza matatizo ya Kenya, kila mtu anaona, lakini angalau mtu aliyeumizwa na polisi ana mlango usio na polisi nyuma yake. Hapa kwetu Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyoundwa mwaka 2023, ilipendekeza upelelezi utolewe polisi uwe na chombo chake. Naliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wote, ingekuwa mimi ningeanza na kesi ambazo mtuhumiwa ni askari.

TAKUKURU ni kwa ile ya kuombwa, namba yao ni 113, bure. Cha kukumbuka ni muda. Mtego wanaweka kabla hela haijatoka, ukiwaambia "ameniomba, kesho saa nne nampelekea" wana cha kufanya, ukiwaambia "nilimpa wiki iliyopita" unabaki wewe na neno lako dhidi ya neno lake. Isipokuwa ilipita kwenye simu. Siku hizi wanampeleka mtu mpaka kwa wakala atoe, au wanamwambia atume kwa namba fulani, na hapo wanajisahau, kwa sababu ule muamala una saa, una dakika, una jina la aliyepokea. Usifute meseji. Muombe wakala akuandikie, na kama ana kamera dukani mwambie asiifute.

Kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ipo kwenye Katiba ibara ya 129, kupeleka lalamiko ni bure na hata barua inatosha. Inaweza kuchunguza na kupendekeza hatua, ila yenyewe siyo mahakama na haifungi mtu, na kama jambo liko kortini tayari haiingilii. Mimi naiona inafaa zaidi pale ambapo kituo kimoja kina tabia moja inayojirudia, watu kumi wanaandika kwa pamoja, kuliko mtu mmoja na bahasha yake.

Mlango ambao watu wengi hawaujui ni wa madai, kuidai serikali irudishe au ilipe fidia kwa kosa la mtumishi wake. Hapa kuna miiba. Lazima utoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na tangu mabadiliko ya 2020 kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu. Sasa fikiria mama anayedai laki sita aliyoporwa, anaambiwa Mahakama Kuu, wakili anamuomba zaidi ya hiyo laki sita. Na akifika huko atakutana na hoja kwamba askari aliiba kwa tamaa zake, hakutumwa na serikali kuiba, kwa hiyo serikali haihusiki. Hiyo hoja inaniuma kwa sababu bila difenda ya serikali, magwanda ya serikali na selo ya serikali yule askari asingempata mdogo wangu saa kumi na mbili alfajiri akampapasa mifuko. Kuna kitu kingine ambacho mtu aombe kama kesi ya jinai imefika kortini: mahakama inayomtia mtu hatiani inaweza kuamuru mali irudishwe au fidia ilipwe, lakini mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unaitaka, usikae ukisubiri watakumbuka.

Halafu kuna ule mlango usio mlango, kwenda kwenye mkutano wa kiongozi ukashika maiki ukalia mbele ya kamera. Sitawalaumu wanaokwenda, hela za watu zimeshawahi kurudi hivyo palepale jukwaani. Ila ukitoka pale uulize namba ya jalada ni ngapi, mara nyingi hakuna.

Sasa hatari, maana nisipoisema nitakuwa nawapeleka watu shimoni. Mtwara, kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea alipekuliwa na polisi hela zake zikachukuliwa, akawa anafuatilia zirudishwe, na Januari 2022 akauawa. Maofisa wa polisi walishitakiwa, mwaka 2025 Mahakama Kuu ikawahukumu wawili kunyongwa na wengine ikawaachia. Kabla ya hapo nchi ilishaona kesi iliyokuja kujulikana kama kesi ya Zombe, wafanyabiashara watatu wa Mahenge na dereva teksi waliouawa mikononi mwa polisi Januari 2006 wakisingiziwa ujambazi, ambayo Zombe mwenyewe, aliyekuwa ofisa wa polisi, aliachiwa huru na ofisa mwingine Mahakama ya Rufani ikamhukumu kifo mwaka 2016, miaka kumi baadaye. Ukiziangalia hizo mbili unaona serikali inaamka mtu akishakufa, na ule wizi wenyewe, ambao ungeshughulikiwa mapema labda mtu asingekufa, ulikuwa hauna pa kwenda. Kwa hiyo usifuatilie hela yako peke yako. Usikubali kuitwa "njoo tuyamalize" sehemu isiyo ofisi. Nenda na mtu mzima mwingine, na kabla hujaenda watu wawili wawe na nakala ya kila kitu ulichonacho.

Na siku yenyewe inapotokea, fanya unachoweza bila kubishana na mwenye bunduki. Gari la polisi lina namba inayoanza na PT, ishike kichwani. Askari ana namba ya jeshi, herufi halafu tarakimu, mwanamke ni WP, na wengi wana jina kifuani. Ukifika kaunta kabla hujasaini kitu chochote sema kwa sauti, mbele ya wote waliopo, "afande, na ile milioni moja na laki tatu iliyochukuliwa kwenye gari haijaandikwa." Sema kwa adabu ila iseme. Wale mahabusu wengine wamesikia, askari wa zamu kasikia, na yeye hana sababu ya kubeba mzigo wa mwenzake. Ukiambiwa saini kwamba umepokea vyote na hujapokea vyote, andika pembeni ya saini yako kilichobaki. Wakikukatalia, kumbuka saa na jina la aliyekataa. Ukitoka tu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa umweleze siku hiyohiyo, kumbukumbu ya siku hiyohiyo ina uzito kuliko ya mwezi ujao.

Kama huna hela ya wakili, tangu sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 kuna wasaidizi wa kisheria wanaotambulika, na hapa Moshi shirika la KWIECO wamesaidia watu wengi kuandika barua zao vizuri. Barua nzuri ni fupi: lini, wapi, nani, nini kilichukuliwa, ushahidi gani unao, unaomba nini. Matusi acha nyumbani.

Sisi tuliandika. Kwa OCD, nakala RPC, tukaambatanisha meseji ya wakala na karatasi ya kikoba inayoonyesha dogo alichukua mkopo siku ile. Tulipopeleka tukaomba wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu, yule dada wa masjala akasita kidogo halafu akagonga. Siku ya tisa kuna mtu alikuja nyumbani jioni, hana magwanda, akakaa kwenye kochi akanywa chai yote, akaacha laki tisa mezani akamwambia mama "mzazi, vijana wamekosea, tuyamalize kifamilia."

Mama akapokea. Nilikuwepo na sikumzuia, kikoba walikuwa wanataka hela yao Jumamosi. Wizi ukishafanyika umefanyika, kurudisha hela hakufuti kosa, na mwendesha mashtaka angeweza kuendelea hata na laki tisa zimerudi. Lakini jalada bila mlalamikaji halitembei, na wao wanalijua hilo, ndo maana alikuja jioni na siyo mchana, nyumbani na siyo ofisini, bila karatasi yoyote ya kusaini safari hii.

Nilirudi wiki iliyofuata kuulizia barua yetu imefikia wapi. Yule dada wa masjala akaangalia kwenye kompyuta, akaangalia kwenye rejista, akasema barua ipo, imepokelewa, imepelekwa kwa mhusika. Nikamuuliza namba ya jalada. Akasema hilo hajaletewa. Bado laki nne.